Debe, Kangomba na Lugha ya Kompyuta

Mkulima wa Matambarale, wilayani Ruangwa, akiulizwa amevuna ufuta kiasi gani, hujibu kwa debe au kwa gunia. Korosho zinazouzwa kimyakimya kabla ya msimu hupimwa kwa bakuli, na kipimo hicho ndicho kilichoipa jina biashara haramu ya kangomba. Kwenye mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinachosemwa ni kilo tu.

Kazi ya kwanza ya mtafiti wa uchumi ni kuyaleta majibu hayo kwenye kipimo kimoja.

Kwa kaya 20, kalamu na daftari vinatosha. Lakini utafiti wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu unaozirudia kaya zilezile kila baada ya miaka kadhaa ulianza mwaka 2008/09 na kaya 3,265. Hapo ndipo mwanafunzi anapojiuliza ajifunze lugha gani ya kompyuta.

Stata, iliyotoka Marekani mwaka 1985, imezoeleka sana kwa wachumi wa maendeleo, ila leseni yake hulipiwa. R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, ni ya bure. Husoma faili za Stata, na ikishawekwa kwenye kompyuta inafanya kazi hata bando likiisha. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ni ya bure pia.

Swali la utafiti husaidia kuamua. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Anayetaka kulinganisha kipato cha kaya za Nachingwea kabla na baada ya hapo atatoshelezwa na Stata au R. Anayetaka kuchambua maelfu ya kurasa za habari na matangazo ya minada, Python itamrahisishia kazi.

Tofauti ya maandishi yenyewe ni ndogo. Kwenye Stata huandikwa *gen kilo = debe * uzito*; kwenye R, *kilo <- debe * uzito*. Uzito huo hakuna lugha inayoujua. Debe la ufuta halilingani na debe la karanga, na aliyelijaza hadi kichuguu hakujaza sawa na aliyelisawazisha mdomoni. Ndiyo maana kwenye begi la mtafiti, kando ya kompyuta, huwa na mizani ya kuning'iniza.