Mkoba mkuukuu wa baba, mkoba mpya wa mtoto



Mwezi wa tisa uko mlangoni. Hapa Bukavu unaleta mambo mawili kwa pamoja: watoto wanarudi masomoni, na mvua inarudi vilimani. Tangu Septemba 2019, shule za msingi za serikali hazipaswi kudai pesa za masomo, jinsi Katiba yetu ya 2006 inavyosema katika kifungu cha 43. Lakini kila mama anajua kwamba shati jeupe, nguo ya buluu, viatu, madaftari na mkoba bado vinatoka mfukoni mwake. Mara nyingi mkoba unaachwa mwisho, na pesa zinapokwisha mtoto anaambiwa: «Chukua tu mfuko wa soko.»

Sisi walimu tunaona mwisho wa jambo hilo. Mtoto anatelemka kilima na mfuko wa plastiki mkononi, mvua inamkuta njiani, na anapofika darasani daftari limelowa, wino umesambaa. Kazi ya juma zima imepotea. Asubuhi nyingine, wingu likiwa zito, mtoto huyo haji. Hayuko mgonjwa. Anaogopa madaftari yaharibike, na anaogopa wenzake wamcheke.

Tunaona na jambo lingine, tuliseme bila kuzunguka. Nyumba ikiwa na pesa ya mkoba mmoja tu, mara nyingi mvulana ndiye anayepewa, na msichana anabaki na mfuko wa soko. Hakuna mzazi anayetaka kumdharau binti yake, lakini binti anaelewa hivyo.

Ndiyo sababu juma hili tunataka mtazame chini ya kitanda na nyuma ya mlango. Humo kuna mkoba wa mgongoni wa baba au wa kaka mkubwa, ambao mmeuita takataka kwa sababu umetoboka chini. Chini ndiko mkoba unakozeekea kwanza. Juu, kwenye zipu, ile tunayoita fermeture, mara nyingi bado ni mzima. Tutakata chini na kuacha juu.

Kuchagua

Tafuta mkoba ambao upana wake haupiti mabega ya mtoto. Urefu tutaupunguza. Uvute kwa nguvu: kitambaa kikipasuka kama karatasi, jua limekwisha kukila, uache. Zipu ikifunga na kufunguka yenyewe, bana kichwa chake polepole kwa koleo, upande huu na upande ule, kisha sugua meno yake kwa mshumaa.

Nguo ngumu ya kutengenezea kitako utaipata kwenye mguu wa jinzi iliyochakaa. Kama nyumbani hakuna, katika nguo za chagua pale Kadutu jinzi iliyopasuka magoti haina bei kubwa, na kwako magoti si kitu.

Uwe na sindano nene, uzi wa nailoni, wembe, mkasi, chaki na kipimo cha fundi. Mashini si lazima. Kwa mkono, jioni mbili zinatosha.

Kushona

1. Fua mkoba kwa sabuni, uanike mpaka ukauke kabisa.

2. Kwa wembe, fumua ncha za chini za mikanda ya mabega. Ncha za juu usiziguse kama bado zimeshika.

3. Pima kutoka juu sentimita 35, piga mstari wa chaki kuzunguka mkoba wote, ukate. Ukishona, urefu utabaki 34. Daftari letu la kawaida lina sentimita 17 kwa 22, na kitabu kikubwa kinakaribia sentimita 30, basi vyote vitaingia wima.

4. Pima upana na kina cha mkoba. Kata vipande viwili vya jinzi, ukiongeza sentimita 2 kwa kila kipimo. Upana ukiwa 28 na kina 12, kata 30 kwa 14. Weka kipande kimoja juu ya kingine: hicho ndicho kitako.

5. Geuza mkoba nje ndani. Kabla ya kushona kitako, pitisha ncha za mikanda kati ya mgongo wa mkoba na jinzi, kila ncha sentimita 3 kutoka kona. Mikanda yenyewe ilale ndani ya mkoba, ncha tu zitokeze. Ukisahau hatua hii utafumua kazi yote.

6. Shona kwa kurudi nyuma: sindano ikitoka mbele, irudi kuingia pale mshono uliopita ulipoishia. Acha sentimita 1 pembeni. Ukimaliza kuzunguka, shona mstari wa pili kandokando ya wa kwanza. Penye mikanda pita mara tatu.

7. Geuza mkoba tena. Juu, mahali mkanda unaposhika mgongo wa mkoba, shona umbo la mraba na msalaba ndani yake. Mikoba mingi ya bei ndogo inakatikia hapo kabla ya Noeli. Ncha za mikanda zilizokatwa, zipitishe haraka karibu na moto wa mshumaa ili zisifumuke. Kazi hiyo ni ya mama, si ya mtoto.

Kwa mvua, shona mfuko mwingine mdogo wa kukaa ndani, kutoka mfuko wa unga wenye utando wa plastiki. Madaftari yanaingia humo, mdomo unakunjwa mara mbili. Usitumie kamwe mfuko uliobeba simenti, mbolea au dawa ya mashamba, hata ukiufua mara kumi.

Kabla ya kumpa mtoto, tia ndani kilo mbili za maharage, utundike mkoba kwenye msumari usiku mzima. Asubuhi tazama mishono. Kilo mbili si za bahati tu: mtoto wa kilo 20 asibebe zaidi ya hapo, yaani sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Vaa mikanda ifupi, kitako cha mkoba kisipite kiuno sana.

Mtoto naye ashike sindano

Mkoba wa kushonwa usiwe alama ya umaskini begani. Muite mtoto tangu mwanzo. Achague kipande cha kitenge cha kutengenezea mfuko wa mbele, ashone mwenyewe mistari michache, mvulana sawasawa na msichana. Mtoto aliyeshona hachekwi kwa urahisi. Wakimuuliza, anajibu: «Kitenge nilichagua mimi.» Jina lake liandikwe kwa uzi, lakini ndani, ili mtu asiyemjua asimwite kwa jina njiani.

Kwa makundi yetu

Siku ya likelemba, kila mama alete mkoba mmoja uliokufa. Mmoja utatoa zipu, mwingine mikanda, mwingine kitambaa. Mikoba miwili mibovu mara nyingi inazaa mmoja mzima. Mwenye mashini ashone vitako, asiye na mashini afumue na kukata. Mkoba wa kwanza tumpe mtoto ambaye mama yake hakuwa na cha kuleta, na tumpe kimya, bila hotuba.

Majuma machache yamebaki kabla ya kengele ya kwanza. Anza leo jioni na hatua ya kwanza, maana jua la kukausha mkoba bado lipo.