Ukimaliza kujaza, pisha mwenzako



Kila siku tunatoa kobalti chini ya udongo wa Lualaba na Haut-Katanga, na tunajua inaenda kutengeneza betri za motokari. Lakini wale wanaonunua motokari zile, wanazijaza umeme namna gani? Na juu ya nini wanagombana? Maana wanagombana kabisa, sawa vile watu wa bidoni kwa robine asubuhi.

Kutia esansi ni jambo ya dakika kidogo. Motokari ya umeme inataka wakati zaidi. Mutu mwenye lupango yake anajaza usiku nyumbani, sawa vile sisi tunaacha telefone ku priz. Lakini mwenye kukaa mu etaji, ao mwenye safari mrefu, anategemea mashini ya kujaza ya watu wote. Pale njo mulongo unaanza.

Angalia Tesla, kampuni ya Marekani. Tangu 2012 iliweka mashini za mbio kando ya barabara kubwa, na wanunuzi wengi walijaza bure. Kitu cha bure munakijua. Watu wenye umeme nyumbani wakaanza kuenda kule kila siku, paka juu hakuna kulipa. Mu 2015 kampuni ikaandikia wamoja barua: mashini hizi ni za safari, jaza kwako. Kisha ikaweka sheria: mwenye kuagiza motokari mupya nyuma ya tarehe 15 mwezi wa kwanza 2017, alikuwa anapata bure kilowati-saa 400 kwa mwaka, karibu kilometa 1.600. Zaidi ya pale, alikuwa analipa.

Kosa ingine ilikuwa mbaya zaidi. Mutu anachomeka waya, anaenda kula, betri inajaa, na motokari inabaki palepale. Haikule tena umeme, inakula nafasi ya mwenzake. Mu mwezi wa 12 wa 2016 Tesla ikaleta malipo: senti 40 za dola kwa kila dakika kisha betri kujaa. Mwenye kuondosha motokari mbele ya dakika tano, hakulipa kitu. Mwenye kuzembea saa muzima, wakati ule ilikuwa dola 24.

Tena betri iko na tabia yake. Ku mashini ya mbio, ikifika 80 kwa 100, umeme unaanza kuingia polepole juu ya kuilinda. Ile 20 ya mwisho inakula wakati mingi. Kama watu wanangojea nyuma yako na kilometa zinakuenea, toka.

Heshima zingine ni hizi: usichomoe waya ya mwenzako bila kumuuliza; usisimamishe motokari ya esansi ku nafasi ya kujaza; ukienda mbali, acha kikaratasi ku kioo, na namba ya telefone na saa utarudia.

Utasema: hii inanihusu nini, mie sina hata kinga? Inakuhusu. Mutu akikuta mashini imezibwa mara tatu, mara ya ine anaweza kurudilia motokari ya mafuta. Kweli, betri zingine hazina kobalti. Lakini kwa zile ziko nayo, kila motokari isiyouzwa ni kobalti inayobaki bila munuaji. Mushahara wetu unaegemea kidogo adabu ya mutu tusiyemujua.

Na sisi wenyewe? Mu lupango kuko priz moja, umeme umerudi kwa saa mbili. Telefone yako imejaa zamani, lakini ingali inashikilia waya, na ya jirani anayeingia posti ya usiku imezima. Akipata shida kule, atamuita mke wake na nini? Ukimaliza, toa.