Kompyuta ikiadhibu bure, Serikali ilipe



Natoa maoni yangu juu ya ofisi za serikali kuiachia kompyuta, na hiyo iitwayo akili mnemba, kazi ya kuwatoza wananchi faini.

Wapo wasemao kwamba mashine haili rushwa wala haina ndugu, hivyo haiwezi kumwonea mtu. Watazame yaliyotokea katika jimbo la Michigan, Marekani. Oktoba 2013 ofisi ya jimbo inayolipa posho watu waliopoteza kazi ilianza kutumia mtambo uitwao MiDAS. Mtambo huo ulilinganisha maelezo ya mwombaji na ya mwajiri. Yakitofautiana, uliweza kumtia mtu hatiani kwa udanganyifu bila ofisa yeyote kufungua jalada lake. Alidaiwa kurudisha posho, na juu yake faini iliyoweza kufika mara nne ya fedha hizo. Wengine walikatwa mishahara, wengine wakafilisika.

Hadi Agosti 2015 watu wapatao 40,000 walikuwa wametuhumiwa. Kesi zilizoamuliwa na mtambo peke yake zilipopitiwa upya, asilimia 93 zilikutwa hazina udanganyifu. Mwalimu akisahihisha karatasi 100 akakosea 93, haiulizwi kalamu, anaulizwa yeye.

Lakini walioonewa walipodai fidia, jimbo lilipinga mahakamani kwa miaka mingi. Ni Julai 2022 ndipo Mahakama ya Juu ya Michigan ilipoamua kwamba aliyenyang'anywa mali bila kusikilizwa aweza kulidai jimbo fidia. Mwaka huo huo jimbo lilikubali kulipa dola milioni 20.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomwathiri sana usitegemee mashine peke yake. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo nashauri mambo matatu. Kila hati ya faini itaje sababu na ofisa anayewajibika. Mwananchi asikilizwe kabla ya kukatwa chochote. Na ikithibitika ameonewa, asirudishiwe faini tu, bali ofisi iliyomwadhibu imlipe na hasara aliyopata, wala isimwambie akamtafute fundi aliyeuza mtambo.

Mwananchi hakuichagua mashine hiyo. Iliyoichagua ni ofisi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa.