Lugalo yenye jina lake iko Kilolo

Vijana wengi ukiwatajia Lugalo wanawaza hospitali ya jeshi pale Dar. Jamani, jina hilo limetoka huku kwetu Kilolo, kando ya barabara kuu ukishapita Ilula kuelekea Iringa mjini. Kambi ile ya Dar enzi za mkoloni iliitwa Colito, ikaja kupewa jina la Lugalo baada ya maasi ya wanajeshi ya 1964.

Sasa Lugalo kulitokea nini? Mwaka 1891 Mjerumani Emil von Zelewski alikuja Uhehe na askari zaidi ya 300, wapagazi na mizinga. Njiani anachoma vijiji tu. Mkwawa alikuwa na makao yake Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo. Jeshi lake, likiongozwa na nduguye Mpangile, likajificha vichakani. Asubuhi ya Agosti 17 msafara ukaingia: mstari mrefu, silaha nzito zimebebwa na punda. Kabla hazijashushwa, mikuki imeshafika! Ndani ya dakika chache Zelewski kauawa, Wazungu 10 kwa jumla, na bunduki kama 300 zikabaki kwa Wahehe.

Wajerumani hawakusahau. Oktoba 30, 1894 waliibomoa Kalenga kwa mizinga. Mwaka 1896 wakajenga boma kwenye kilima juu ya Ruaha Mdogo, ndiyo Iringa ya leo. Desemba hiyo hiyo wakamtawaza Mpangile, yule yule wa Lugalo, ili awagawe Wahehe. Februari 1897 wakamuua, wakidai anamsaidia kaka yake kisirisiri. Mkwawa mwenyewe alijipiga risasi Julai 19, 1898 kuliko kukamatwa. Fuvu lake lilirudi Kalenga 1954.

Pale Lugalo upo mnara. Waliujenga Wajerumani, kuwakumbuka watu wao. Yaani walioshindwa ndio waliowahi kuandika! Mimi sisemi uvunjwe, hapana. Ninachosema ni kwamba mababu zetu walioanguka siku ile nao walikuwa na majina, na koo zao bado zipo Ilula, Image na kwingineko. Kama kuna mzee kwenu anayajua, muulize uyaandike, hata kwenye daftari la shule.

Walio na habari za nyumbani wazimwage hapa chini. Naomba kuwakilisha.