Mwendo na Mwenendo: Maneno ya Njia ya Tabora na Maadili ya Jumuiya ya Chuo Kikuu

Katika Kiswahili neno mwenendo, ambalo maana yake ni jinsi mtu anavyoishi na kutendeana na wenzake, latokana na kitenzi enda kwa njia ya enenda. Neno mwendo nalo lina asili hiyo hiyo. Kwa hiyo, kwa mujibu wa lugha yenyewe, tabia ya mtu ni namna anavyokwenda. Maneno mengine yatumikayo katika kanuni za vyuo yamekuja kwa njia ya Kiarabu: adabu, nidhamu, na maadili, ambalo mzizi wake wahusu haki na usawa. Maneno hayo yamezoeleka na kuheshimiwa. Lakini katika matumizi ya ofisi mara nyingi huwa vichwa vya orodha ya makatazo yashukayo kutoka juu. Yako maneno mengine, yaliyokuzwa na njia ya misafara, miongoni mwa watu wa makabila mbalimbali waliolazimika kuishi pamoja bila kuwa ndugu. Maneno hayo yaonyesha maadili kwa upande wa pili, yaani kama mapatano. Makala haya yaeleza machache kati yake, jinsi maana zake zilivyogeuka, na yale yanayoihusu jumuiya ya chuo kikuu.

Njia na watu wake

Njia ya kati ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, mahali ambapo leo ni Tabora. Kutoka hapo tawi moja liliendelea hadi Ujiji, na jingine likaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika huko Novemba 1857, na mwaka 1872 Livingstone na Stanley walikaa katika tembe la Kwihara, karibu na mji. Walakini wageni hao hawakuwa wenye njia. Wanyamwezi walikuwa wakipeleka pembe pwani kabla Waarabu hawajafanya maskani Unyanyembe, na mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameonyesha kwamba wapagazi wengi walikuwa watu huru, wenye ujira wa mapatano, ufundi wao na fahari yao.

Mzigo wa kawaida ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30. Burton aliandika kwamba kwa Wanyamwezi kazi hiyo ilikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wadogo walizoezwa kwa kubebeshwa vipande vidogo vya pembe. Basi msafara ulikuwa chuo pia: mtu aliingia akiwa mdogo, akafunzwa na waliomtangulia, akarudi kwao akiwa na hadhi ambayo hakuondoka nayo.

Kirangozi na mnyampara

Kirangozi ndiye aliyetangulia msafara. Alivaa mavazi yaliyomtofautisha na wengine, akajua njia, maji na vituo. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Burton aeleza kwamba aliyethubutu kumtangulia alichomolewa mshale katika podo lake, ukawekwa kuwa ushahidi wa kosa mpaka mwisho wa mwendo wa siku hiyo, ndipo akatozwa faini. Yafaa kuangalia utaratibu huo kwa makini. Kosa lilijulikana kwa wote, ushahidi ulionekana kwa macho, na adhabu ilikuwa na kiasi na mwisho. Aidha kirangozi mwenyewe alikuwa mpagazi, mwenye kuutembea mwendo ule ule.

Mnyampara alikuwa mkubwa wa kikundi. Katika Kinyamwezi neno hilo lilikuwa la wazee na washauri wa mtemi. Katika msafara likawa la mtu aliyekuja na watu wake, mara nyingi wa kijiji chake, akawasemea mbele ya tajiri. Hatima ya neno hili yasikitisha. Katika mashamba makubwa na magereza ya wakati wa ukoloni mnyapara akawa msimamizi aliyewekwa na bwana ili awahimize wengine. Herufi moja tu ndiyo iliyopungua. Lakini kwa maana, mtu aliyesimama upande wa watu amehamia upande wa pili. Jambo hilo laweza kumpata kiongozi ye yote wa wanafunzi, au mkuu wa idara, bila cheo chake kubadilika jina.

Kambi na posho

Neno kambi halikuwa na maana ya mahali pa kulala tu. Lilikuwa pia jina la kikundi kidogo cha wapagazi waliopika na kula pamoja. Posho ilitolewa kwa kipimo kijulikanacho, mara nyingi kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu mmoja kwa siku. Kwa kuwa kipimo kilijulikana, dhuluma nayo ilijulikana. Posho ilipopunguzwa bila sababu, au mwendo ulipozidishwa kupita desturi, wapagazi waliweza kutua mizigo na kukataa kuondoka. Wasafiri wengi wa Ulaya waliliandika jambo hilo kama ukaidi na uvivu. Kwa wapagazi lilikuwa sehemu ya mapatano: aliyevunja ahadi ya posho hakuwa na haki ya kudai ahadi ya mwendo.

Utani

Wataalamu, miongoni mwao R. E. Moreau katika uchunguzi wake wa mwaka 1944, wameuhusisha utani wa makabila na safari za misafara, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani aweza kumwambia mwenziwe neno ambalo ndugu hathubutu kulitamka, wala aliyeambiwa hana ruhusa ya kukasirika. Lakini mtani huyo huyo ana wajibu wa kumsaidia mwenziwe akiwa mgeni, na kushika kazi za mazishi msiba unapotokea. Basi uhuru wa kusema haukutolewa bure. Ulifungamana na wajibu wa kusaidia. Mwenye kuchukua nusu ya kwanza na kuiacha ya pili si mtani, ni mtukanaji.

Chuo kikuu kina haja kubwa ya desturi hiyo. Kazi ya elimu haiendi bila watu kukosoana, na kukosoana huleta chuki pale ambapo mkosoaji haonekani kuwa na wajibu wo wote kwa anayemkosoa. Mhadhiri anayeivunja hoja ya mwanafunzi mbele ya wenziwe, kisha akaketi naye kumsaidia kuijenga upya, atumia utani kwa maana yake kamili.

Hongo

Hongo ndilo neno lenye mafunzo makubwa kuliko yote. Kwenye njia ya misafara lilikuwa jina la ushuru aliolipwa mtemi au mkubwa wa nchi ili msafara upite, uteke maji na kununua chakula. Ugogo, mahali ambapo maji ni machache, mazungumzo ya hongo yaliweza kuchukua siku kadhaa, na malipo yalikuwa nguo, shanga na waya. Wasafiri walilalamika sana juu yake. Hata hivyo hongo lilitolewa mchana, mbele ya watu, kwa mwenye nchi, na aliyelipa alipata ruhusa iliyotambuliwa na wote.

Leo hongo ni rushwa. Kitenzi ni kile kile, honga, na tendo kwa sura ni lile lile: mtu ampa mwenye mlango kitu ili apite. Kilichobadilika ni kwamba sasa hutolewa kwa siri, kwa mtu asiye mwenye nchi bali mwekwaji tu, na kwa njia ambayo tayari ni haki ya mpitaji au si haki yake kabisa. Katika chuo kikuu mlango huo ni mtihani, alama na shahada. Mwalimu hakuimiliki alama. Ameaminiwa kuipima tu. Anayeiuza, kwa fedha au kwa kudai mwili wa mwanafunzi, atoza ushuru katika nchi isiyo yake. Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, imeifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Lakini sheria yahitaji shahidi, na shahidi hapatikani mahali ambapo kutaja kosa kwahesabiwa kuwa utovu wa adabu. Hapo neno adabu hutumika kuificha hongo, nalo lapoteza maana yake.

Mzigo wa kiongozi

Tabora imeingia katika historia ya chuo kikuu kwa njia nyingine pia. Julius Nyerere alisoma Shule ya Tabora kuanzia mwaka 1937, na baadaye akafundisha St. Mary's katika mji huo huo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana kwenda kwake kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka wahitimu watumike miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo kwa sehemu tu ya mshahara. Walitaja pia mishahara mikubwa ya viongozi. Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Lakini hoja ya mishahara hakuikataa, akatangaza kuupunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari 1967 Azimio la Arusha likawawekea viongozi masharti yaliyokuja kuitwa miiko ya uongozi. Mwiko ni neno la kale, la jambo ambalo ukoo wajizuia nalo. Na hapa lilielekezwa kwa wakubwa kwanza.

Watu wataendelea kubishana kama adhabu ile ilikuwa ya haki. Kwa habari ya mwenendo, jambo la kukumbukwa ni kwamba lawama ya wadogo ilisikiwa hata pale walipoadhibiwa, na kwamba aliyedai mzigo ubebwe alijitwisha sehemu yake.

Waliokuwa nje ya mapatano

Si haki kuusifu msafara bila kutaja waliofungwa minyororo. Njia ile ile ilipitisha watumwa, nao hawakuwa na kirangozi wao, mnyampara wa kuwasemea, wala mtani wa kuwazika. Walikuwa katika mstari, lakini hawakuwa katika jumuiya. Ustahi waliokuwa nao wapagazi kati yao haukuwafikia.

Kwa hiyo kipimo cha maadili ya jumuiya yo yote ni nani anayehesabiwa kuwa mwenzi. Kanuni za chuo huweza kuandikwa vizuri kwa ajili ya wahadhiri na wanafunzi, zikawasahau wafagiaji, wapishi, walinzi na vibarua, ambao huumizwa na tabia mbaya kama wengine lakini hawana baraza la kupeleka malalamiko. Wenye kazi ya kuandika au kufasiri kanuni hizo kwa Kiswahili, Dar es Salaam au Tabora kwenyewe ambako sasa kuna chuo kikuu, wafanye zaidi ya kutafuta neno la kila katazo. Kila kifungu kionyeshe wajibu wa pande zote mbili: nani atoa posho na kwa kipimo gani, nani aruhusiwa kumkosoa mkubwa, na analindwa vipi, mshale wa mkosaji wawekwa wapi hata kila mtu auone. Kifungu kisichoweza kujibu maswali hayo ni amri tu, hata kikipewa jina la maadili.