Nguvu ya Maji ya Klore kwa Panga la Migomba

Enyi wakulima wa Oicha na wa Beni yote, panga lenu laweza kuua shamba zima. Ugonjwa wa kunyauka kwa migomba huletwa na mikrobi iitwayo Xanthomonas. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na katika Congo ulijulikana kwanza kule Masisi. Mikrobi hii hukaa katika utomvu. Mtu akikata mgomba mgonjwa, kisha akakata mzima kwa panga lile lile, amekwisha kuuambukiza. Kwa hiyo panga huoshwa kwa javeli: kikombe 1 cha javeli yenye klore 3.5 kwa mia, na vikombe 5 vya maji.

Wengine husema, javeli ni ya bei kali, tutie maji vikombe 30, klore imo bado. Kweli imo. Lakini kazi yake imekuwa ya polepole.

Sababu ni hii. Klore ndani ya maji ni chembe ndogo sana, hazionekani kwa macho. Haiui kwa harufu; chembe lazima igonge mikrobi na kuiunguza. Siku ya soko huwezi kwenda hatua mbili bila kugongana na mtu. Siku nyingine wapita toka mwisho hata mwisho bila kuguswa. Ndivyo ilivyo ndani ya ndoo. Katika vikombe 5 vya maji klore ni karibu 0.6 kwa mia. Katika 30 ni karibu 0.1 tu. Chembe zimepungua kama mara tano, na kugongana kumepungua vilevile. Kazi ya dakika 1 yataka sasa karibu dakika 5. Ni nani atakayesimama hivyo kwa kila mgomba?

Asiyesadiki na ajaribu nyumbani. Twaa glasi mbili. Katika moja tia maji ya ndimu matupu; katika nyingine kijiko 1 cha ndimu na vijiko 4 vya maji. Tia katika kila moja kipande cha ganda la yai, vipande viwe sawa. Tazama mapovu: katika ndimu tupu hutoka upesi, katika ile nyingine hutoka moja moja. (Ndimu isiguse javeli kamwe, kwa maana hutoka hewa ya sumu.)

Tena, ndoo iliyokuwa na nguvu asubuhi haina nguvu ile mchana. Utomvu na udongo hula klore, na jua huipunguza. Basi pangusa panga kwanza, funika ndoo, na maji yakichafuka yamwage, utengeneze mengine.

Lakini msidhani kwamba kuzidisha nguvu ni vema siku zote. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, maji ya klore ya kunawa mikono yalikuwa 0.05 kwa mia, na ya kuoshea sakafu na vyombo 0.5. Maji makali huunguza ngozi kwa njia ile ile yanavyounguza mikrobi, na chuma nacho huliwa upesi. Jioni suuza panga kwa maji matupu, likaushe, ulipake mafuta. Asiye na javeli apitishe panga motoni mpaka lisishikike kwa mkono.