Mbu wa Maabara Akitoka Nje

Tarehe 1 Julai 2019, katika kijiji cha Bana magharibi mwa Burkina Faso, watafiti wa mradi wa Target Malaria waliachilia zaidi ya mbu madume 6,000 waliobadilishwa vinasaba wasiweze kuzaa. Mbu wa malaria wa namna hiyo hawakuwa wameachiliwa huru Afrika kabla ya siku hiyo. Pamoja nao waliachiliwa ndugu zao wasiobadilishwa, na wote walipakwa unga wa rangi ili wakinaswa tena watambulike. Wanakijiji hawakuongezewa kuumwa, kwa sababu mbu dume hanywi damu.

Kusudi halikuwa kupunguza malaria. Watafiti walitaka kujua jambo dogo zaidi: dume aliyetengenezwa maabara anamudu maisha ya nje? Majibu yalichapishwa mwaka 2022. Madume waliobadilishwa walikufa mapema kuliko ndugu zao, na hawakwenda mbali kama wao. Tena waliingia katika kijiji kilichokadiriwa kuwa na madume wa kienyeji kati ya 28,000 na 37,000, na wote hao wanawania majike walewale.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kumbadilisha mbu kumewezekana tangu zamani kidogo. Kazi ni kumpata aliyebadilishwa ambaye bado anaruka, anapata jike na anaishi siku za kutosha. Anayefuga kuku wa kisasa analijua hili: mwachie ajitafutie chakula uani pamoja na wa kienyeji, uone nani atabaki. Jeni iliyopachikwa huweza kuvuruga nyingine iliyokuwa na kazi yake, na kutengeneza protini ngeni hula nguvu za mwili. Isitoshe, ukoo unaozaliana wenyewe kwa wenyewe vizimbani hudhoofika. Mwaka 2003 watafiti wa Imperial College, London, waliwachanganya mbu waliobadilishwa na wa kawaida, na baada ya vizazi kadhaa jeni mpya zilikuwa zimepotea.

Lakini mbu hata yule wa kawaida hulipia vimelea anavyobeba. Mwaka 2007 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waliweka kizimbani idadi sawa ya mbu wa kawaida na wale waliopewa kinga dhidi ya kimelea cha malaria ya panya. Walipolishwa damu yenye vimelea, wenye kinga walifika asilimia 70 baada ya vizazi tisa. Walipolishwa damu safi, hakuna upande uliomzidi mwenzake. Habari njema, ila ya nusu: huko vijijini mbu wengi hawana vimelea, hivyo faida hiyo haiwafikii.

Ndiyo maana wengine wameamua kutotegemea nguvu za mbu peke yake. Kwa kawaida mzazi humrithisha jeni yake nusu ya watoto. Wao wameunda jeni inayojinakili, ikawafikia karibu watoto wote, hata kama ina gharama kwa mbu. Mwaka 2018, tena Imperial College, jeni ya namna hiyo iliyoharibu uzazi wa majike ilimaliza kabisa mbu wa vizimbani ndani ya vizazi 7 hadi 11.

Njia nyingine haikusudii kumwangamiza mbu. Inampa protini mbili, moja yenye asili ya chura na nyingine ya sumu ya nyuki, zinazochelewesha ukuaji wa vimelea tumboni mwake. Majike wenye jeni hizo huishi siku chache, na kwa afya ya binadamu hilo ni jema: mbu hufa kabla kimelea hakijafika kwenye mate. Kwa uenezi wa jeni yenyewe ni hasara. Huko Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara imeshiriki kuijaribu mbinu hii ndani ya maabara kwa vimelea kutoka kwa wagonjwa wa Tanzania, jambo la maana kuliko kutegemea vimelea vya panya.

Sayansi si kikwazo pekee. Agosti 2025 serikali ya Burkina Faso ilisimamisha shughuli zote za Target Malaria nchini humo. Wakati huohuo ugonjwa haukungoja: Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 597,000 mwaka 2023, asilimia 95 vikiwa kanda ya Afrika.

Kwa hiyo msomaji akisikia tena kwamba mbu wa kumaliza malaria amepatikana, aulize mambo mawili: anaishi siku ngapi nje ya kizimba, na majike wa kienyeji wanamkubali?